Unataka Kutengeneza Bia Machakos? Jua Pesa ya Ushuru Kwanza

Ukambani, kutengeneza pombe si jambo geni. Kaluvu imechachushwa huku tangu enzi za mababu. Mtama wa gadam, unaostahimili ukame, hulimwa na wakulima wa hapa na kuuziwa kampuni kubwa za bia. Kwa hivyo ukifikiria kufungua kiwanda kidogo cha bia Machakos, ujuzi uko na malighafi iko. Kinachoangusha wengi ni hesabu.

Leseni kwanza, sufuria baadaye

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliruhusu hata pombe za kienyeji, mradi mtengenezaji awe na leseni na afuate viwango. Usidhani ni urasimu tu. Mei 2014, makumi ya watu walifariki Embu, Kitui, Makueni na kwingineko baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mteja anayeona alama ya KEBS na stempu ya ushuru kwenye chupa yako anajua kuna mtu wa kuulizwa.

Fuata hatua hizi:

1. Sajili biashara kupitia eCitizen. Malipo ya huko hupitia paybill 222222. Usimtumie wakala pesa kwa nambari yake binafsi.
2. Pata PIN ya KRA, kisha omba leseni ya mtengenezaji wa bidhaa za ushuru.
3. Peleka sampuli KEBS upate alama ya ubora.
4. Nenda kaunti kwa kibali cha biashara, leseni ya vileo na ukaguzi wa afya ya umma. Uliza NEMA kuhusu maji taka.

Ukitaka pia kuuza hapo hapo, hakikisha pako angalau mita 300 kutoka shule ya watoto. Na usimuuzie yeyote aliye chini ya miaka 18.

Shilingi 25 katika kila chupa si zako

Tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa bia hukatwa kulingana na kiasi cha kileo halisi kilichomo. Kiwango cha kawaida ni Sh22.50 kwa kila sentilita. Mtengenezaji mdogo anayejitegemea, mwenye leseni, hulipa Sh10.

Tupige hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za kileo, yaani sentilita 2.5. Ushuru wake ni Sh25. Kwa kiwango cha kawaida ungekuwa Sh56.25. Ukipika lita 100 ukajaza chupa 200, Sh5,000 ni za serikali kabla hujalipia kimea, hamira, chupa, wala maji ya boza wakati mfereji umekauka. Na mauzo yakifika Sh5 milioni kwa mwaka, lazima ujisajili kwa VAT, ambayo ni asilimia 16.

Deni la kodi halichagui ukubwa. Keroche ya Naivasha ilianza 1997 na mvinyo, ikaingiza sokoni bia ya Summit 2008, lakini baada ya mvutano mrefu kuhusu kodi, KRA iliufunga mtambo wake mwaka 2022.

Mkopo wa baa unaweza kukuzamisha

Hapa ndipo wengi huteleza. Deni la ushuru huanza bia inapotoka kiwandani, si siku mteja anapolipa. Ukimpa mwenye baa kreti kumi kwa ahadi ya "nitakutumia Ijumaa", KRA haimsubiri huyo Ijumaa. Deni lishakuwa lako.

Kwa hivyo:

- Fungua till ya biashara, tofauti na laini yako. Karo na nauli zisitoke humo.
- Kreti isitoke kabla ya malipo. Kama ni lazima ukopeshe, dai angalau pesa ya ushuru papo hapo.
- Angalia ujumbe kwenye simu yako, si kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa malipo hughushiwa.
- Tenga ushuru kila jioni. Hesabu chupa zilizotoka, zidisha kwa 25, hamishia pesa hizo kwenye akaunti ya pembeni.
- Lipa wauzaji wako kwa till au paybill na udai risiti ya eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na risiti hiyo kwa kawaida haikubaliwi unapokokotoa kodi ya mapato.

Kabla ya kununua hata tanki moja, fanya zoezi hili: andika bei unayotarajia kuuza chupa, toa 25, toa gharama zote, uone kinachobaki. Kikiwa ni kidogo mno, afadhali ujue leo ukiwa na karatasi na kalamu kuliko ujue mwakani ukiwa na deni.