Friwili za Mbele katika Malori ya Jeshi: Zafaa au ni Gharama Bure?

Usiku mmoja wa masika, tukiwa Luteni wa nyota moja na miezi michache tu tangu tutoke chuo cha kadeti, tulikabidhiwa Land Cruiser ya wagonjwa na askari mmoja aliyekuwa akitapika damu. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Chini ya kilima cha kwanza dereva wetu, Koplo mwenye uzoefu kutushinda sote, akavuta gia ya fowili. Injini ikanguruma, magurudumu ya nyuma yakachimba shimo, na yale ya mbele yakasimama kama ya mkokoteni.

"Afande, fowili imekufa," alisema.

Tulishuka na majembe, tukakata matawi, tukasukuma. Karibu saa nzima ilipita kabla ya askari mmoja kumulika tochi gurudumu la mbele la kulia. Friwili ya kushoto ilikuwa imefungwa, na ya kulia ilikuwa imeachwa wazi. Tuliizungusha kwa vidole vilivyojaa matope, na gari likapanda kilima kana kwamba hapakuwa na kilima. Mgonjwa alifika hospitali akiwa hai, kwa rehema ya Mungu na kwa kazi ya waganga. Lakini saa ile moja hatujaisahau hata leo.

Tumeikumbuka tena kwa sababu ya Sajini mmoja mstaafu tuliyetumika naye. Yeye na wenzake watatu wameunganisha viinua mgongo vyao ili wanunue lori la zamani la jeshi la Marekani, walitumie kubebea mbao na mawe. Mwuzaji amewaambia kwamba lori hilo bila friwili litakula dizeli na kumaliza beringi za mbele, na kwamba yeye anazo friwili za kuliwekea, kwa bei yake. Mzee akatuuliza, "Afande, tuziweke au tuziache?" Swali hilo si la wastaafu peke yao. Lamhusu kila askari anayepanda gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote.

Chanzo cha jambo hili kiko Marekani. Katika Vita Kuu ya Pili nchi hiyo iliunda jeep zaidi ya 600,000, na malori ya GMC ya magurudumu sita yenye kuvuta kwa mkupuo wa nusu milioni na zaidi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, magari mengi yaliuzwa kwa raia. Mkulima aliyenunua jeep aliona upesi kwamba hata akiondoa gia ya fowili, magurudumu ya mbele yanapobingirika barabarani yaliendelea kuzungusha shafti za ekseli, difu, na propela ya mbele, vyote vikizunguka bila kazi yoyote. Mwaka 1948 Arthur Warn, katika jimbo la Washington, alianzisha kiwanda cha kutengeneza habu ambazo mtu aweza kuzifunga au kuzifungua kwa mkono. Zikifunguliwa, gurudumu lazunguka peke yake na vyuma vya ndani vyatulia. Zikifungwa, gurudumu na shafti vyawa kitu kimoja. Hiyo ndiyo friwili tunayoijua. Askari wa Afrika Mashariki walizizoea katika Land Rover za Series II na III, na baadaye katika Land Cruiser.

Sasa tulitazame lori la Mzee wetu. Ni la aina ya M35A2, lenye magurudumu sita ya kuvuta. Ukoo wa M35 uliingia jeshini miaka ya 1950 mwanzoni, ukafanya kazi kubwa Vietnam, na Wamarekani wenyewe huliita kwa mzigo wake wa tani mbili na nusu. Huo ni mzigo wa porini. Katika barabara njema laruhusiwa mara mbili yake. Tairi zake za mbele ni za ukubwa wa 9.00-20, zenye mzingo wa mita tatu na kitu. Kwa hiyo katika kila kilometa moja gurudumu lazunguka mara 300 hivi. Difu yake ina uwiano wa 6.72 kwa 1, maana yake gurudumu likizunguka mara moja, propela yazunguka karibu mara saba. Hesabu hiyo yatupa mizunguko zaidi ya 2,000 ya propela ya mbele kwa kila kilometa, hata kama njia ni lami tupu na fowili haihitajiki. Mwuzaji hakusema uongo kwamba vyuma hivyo vyazunguka.

Alichokuza ni madhara yake. Chuma kinachozunguka bila kubeba mzigo, chenye mafuta ya kutosha, huliwa polepole sana. Kinachokula dizeli katika lori la namna hii ni uzito wake wa karibu tani sita likiwa tupu, upana wa uso wake unaopigana na upepo, tairi zenye meno makubwa, na mguu wa dereva. Ukifungua friwili utaokoa kiasi kidogo, nacho kitaonekana zaidi kwa mwenye kusafiri mamia ya kilometa kila siku juu ya lami. Usukani pia huwa mwepesi kidogo, na mtetemo hupungua endapo krosi za mbele zimechakaa. Hizo ndizo faida, na hatuzikatai.

Lakini lipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ndilo kubwa. Katika M35 nyingi, gia ya fowili haivutwi na dereva. Ndani ya sanduku la pili la gia mna klachi ya upande mmoja. Magurudumu ya nyuma yakiwa yameshika ardhi, propela ya mbele hutangulia kidogo na klachi huiacha izunguke bure. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza na kuzunguka haraka kuliko ya mbele kwa asilimia chache, klachi hushika palepale na nguvu huenda mbele. Dereva hafanyi lolote, na pengine hata hajui kwamba amesaidiwa. Walioliunda lori walikuwa wakimfikiria kijana wa miaka kumi na tisa, aliyefundishwa udereva kwa wiki chache, akiendesha usiku bila taa huku akipigwa risasi. Hawakutaka akumbuke kitu.

Kumfungia kijana huyo friwili ni kumnyang'anya msaada huo. Ikiwa ziko wazi, klachi itashika kama kawaida, propela itazunguka, difu itazunguka, na shafti zitazunguka ndani ya habu bila kusukuma gurudumu hata inchi moja. Lori lililokuwa likijiokoa lenyewe litasubiri mtu ashuke matopeni akazungushe vidude viwili. Kwa mbeba mbao hiyo ni dakika mbili na suruali chafu. Kwa askari aliyekwama katika kona ambayo adui ameichagua, kushuka ndiko hasa adui anakokungoja.

Na friwili moja ikisahauliwa, ile nyingine haisaidii kitu. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye upande ulio mwepesi kuzunguka. Shafti iliyo huru ni nyepesi kuliko gurudumu lolote lililo matopeni, basi nguvu yote hukimbilia huko na kupotea. Ndivyo ilivyotupata usiku ule, na ndiyo maana Koplo wetu, ambaye hakuwa mjinga, aliamini kwamba gia imeharibika. Baadaye ilidhaniwa kwamba watoto wa kambini walikuwa wakiichezea. Kwa kweli kidude chenye mshale na rangi kikiwa kimo cha mtoto hakiwezi kukosa mchezaji.

Kuna pia suala la nguvu. Bamba ambalo kiwanda kililifunga kwenye habu ya M35 ni pande moja la chuma lililoshikwa kwa bolti. Friwili ina meno yanayoingia na kutoka, springi, na sili ya kuzuia maji. Lori likiwa na mzigo, katika gia ndogo, gurudumu la mbele likiwa limebanwa na jiwe, mzigo wote wa kuvuta hupita katika meno hayo. Sehemu dhaifu ndiyo itakayovunjika. Wako mafundi wanaosema ni afadhali ivunjike friwili, ambayo hufunguliwa kwa spana nje ya gurudumu, kuliko shafti iliyo ndani. Hoja hiyo ina haki yake, ila tu ikiwa friwili ya akiba imo ndani ya gari.

Hatuna budi kusema pia pale friwili zinapofaa kweli kweli. Krosi ya mbele ikipasuka, au kiungo cha shafti kikianza kugonga, au mpira unaofunika kiungo ukichanika na kumwaga mafuta, dereva mwenye friwili huzifungua zote mbili na kurudi nyumbani kwa magurudumu ya nyuma. Asiye nazo atalala chini ya lori akifungua bolti. Hali kadhalika gari linapovutwa safari ndefu. Tena katika M35 ile klachi hubadilishwa mwelekeo kwa fimbo iliyounganishwa na gia ya kurudi nyuma. Fimbo hiyo ikikaa vibaya, ekseli ya mbele na ya nyuma zaweza kufungamana juu ya lami, zikashindana katika kila kona hadi kitu kivunjike. Friwili zilizo wazi huzuia msiba huo, ingawa dawa yake halisi ni kuirekebisha fimbo.

Lililo la hatari zaidi ni kudhani kwamba shauri la gari moja lafaa magari yote. Land Rover za Series na Land Cruiser za kazi huvuta kwa magurudumu ya nyuma mpaka dereva aite ya mbele. Hapo friwili zina mahali pake. Lakini Land Rover 110, iliyoanza mwaka 1983, huvuta kwa yote manne wakati wote, kwa kutumia difu ya katikati. Ndivyo ilivyo pia kwa lori la Kirusi la Ural-4320, lililoanza kuundwa mwaka 1977. Katika magari haya ukitia friwili na kuziacha wazi, difu ya katikati itapeleka nguvu zote kwenye propela ya mbele iliyo huru, na gari halitaondoka hata kwenye sakafu kavu mpaka uifunge difu hiyo. Na ZIL-131 huunganisha ekseli ya mbele kwa swichi ya umeme na upepo, dereva akiwa kitini, kwa hiyo hatuoni sababu ya kuibadili.

Kwa vikosi ambavyo magari yake yamekuja na friwili, tulijiwekea sheria baada ya usiku ule, nazo twazitoa jinsi zilivyo. Masika yakianza, friwili hufungwa zote mbili na hukaa zimefungwa hadi kiangazi. Gia ndiyo itakayoingizwa na kutolewa. Kabla ya kila safari dereva hugusa kulia na kushoto kwa mkono wake mwenyewe, hata kama utingo ameapa kwamba amekwisha kutazama. Wakati wa kiangazi hufungwa angalau mara moja kwa mwezi na gari kwenda kilometa kumi na tano hivi, ili mafuta yafike kwenye viungo vya juu ambavyo vikikaa bila kuzunguka hukauka na kushika kutu. Baada ya kuvuka mto wenye kina, habu hufunguliwa kutazamwa kama maji yameingia.

Mzee wetu tulimjibu kwa urefu kidogo kuliko alivyotaka. Tulimwuliza kwanza njia yake ikoje. Alisema kilometa tisa za lami na zaidi ya thelathini za msituni, na kwamba msituni ndiko lori hupakia. Tulimshauri aliache bamba la kiwanda mahali pake, na fedha za friwili azitumie kununua krosi mpya za mbele, mipira ya kufunika viungo, sili za habu, na kumlipa fundi anayejua kuipima ile fimbo ya klachi. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka na kusema kwamba mwuzaji atakasirika, maana friwili amekwisha kuzipaka rangi nyekundu.

Juma lililopita alituletea habari kwamba lori limenunuliwa. Fimbo ilikutwa imepinda. Fundi aliinyosha kwa asubuhi moja, na sasa wanatafuta tairi mbili za nyuma.