UMEME UNAOPOTEA NJIA

Ndugu fundi wa chuma hapa Rwambuzi, labda siku moja utaitwa Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, kuchomelea mashua ya chuma. Kabla ya kwenda, sikia maneno haya.

Umeme hutoka katika mashine, hupita kwenye kijiti cha kuchomelea, huingia katika chuma, na sharti urudi katika mashine kwa waya wa pili. Waya huo wa kurudi ndio njia yake. Kibano chake kikilegea, au kikishika juu ya kutu, umeme hutafuta njia nyingine: mnyororo, kamba ya chuma, hata maji. Ukipita majini unaweza kula chuma cha mashua chini, mahali usipopaona. Ukikukuta wewe njiani, utapita mwilini mwako.

Wengi husema, “Volti 80 ni kidogo.” Basi tuhesabu. Ngozi kavu huzuia umeme sana. Ngozi yenye jasho huzuia kidogo, pengine omu 1000 tu. Gawanya 80 kwa 1000: miliampea 80. Miliampea 10 zatosha kuukaza mkono usiweze kuachia. Miliampea 80 zikipita kifuani zaweza kuvuruga moyo, na mtu akafa.

Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Funga kibano cha kurudi katika mashua yenyewe, karibu na kazi, juu ya chuma kilichokwanguliwa. Usikifunge pwani.
2. Waya wa ardhi wa mashine ni kitu kingine. Huo hukulinda kama sanduku la mashine limeshika umeme. Usiutumie kuwa njia ya kurudi.
3. Tazama nyaya. Iliyochubuka usiitumie.
4. Usilale juu ya chuma chenye maji. Tandika ubao mkavu, vaa glovu kavu na viatu vizima.
5. Usifanye kazi peke yako. Mwenzako akae karibu na swichi.

Mwenzako akipigwa na umeme, usimshike! Zima mashine kwanza. Kama hapumui, tuma mtu aite msaada, nawe umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue au msaada ufike. Hata akiamka, mlete hospitali. Kidonda cha umeme huonekana kidogo nje, kumbe ndani kimeunguza sana.

Kukwangua kutu ni kazi ya dakika chache. Usione uvivu kuifanya, maana nyumbani wanakungoja.