Soma Namba ya Damu Yako

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima wa Nachingwea na Ruangwa

Kila mmoja akae mahali anapoweza kusikia vizuri. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni namba hizi: 120 na 80. Chini yake andika 140 na 90. Ziacheni hapo. Tutazihitaji baada ya muda kidogo.

Somo la leo ni la afya, na hasa ni la watu waliofika miaka 40 na kuendelea. Lakini ninyi vijana msiondoke. Siku hazikawii, nanyi mtafika huko. Tena mnao wazazi nyumbani.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Mwaka 1973 palikuwa na kampeni kubwa ya redio katika Tanzania. Iliitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, kama mlivyokaa ninyi sasa. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha waliondoka wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Walipigana na magonjwa kama malaria, kichocho na kuhara damu.

Magonjwa hayo bado yapo. Lakini yana jambo moja: hayajifichi sana. Mwenye malaria hutetemeka kwa homa. Mwenye kuhara damu hana haja ya kuambiwa. Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa namna nyingine. Huu haupigi hodi. Jina lake ni shinikizo la damu. Wengi wetu husema presha.

Moyo ni kama pampu. Kila unapopiga, husukuma damu ndani ya mishipa, na damu hiyo hubana kuta za mishipa, kama maji yanavyobana mpira wa kumwagilia bustani. Katika ujana mishipa ni laini, hutanuka na kurudi. Umri ukizidi, mishipa huanza kukakamaa. Basi moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, mchana na usiku.

Na mwenye moyo huo hasikii kitu. Analima, anakula, anacheka na wenzake. Mara nyingi hata kichwa hakimuumi. Miaka inapita. Siku moja mshipa wa ubongo unapasuka au unaziba. Mdomo unakwenda upande, mkono na mguu vinakataa kufanya kazi. Hicho ndicho kiharusi. Watu wanashangaa: "Jana alikuwa mzima kabisa! Bila shaka pana mkono wa mtu." Hapana. Jana alionekana mzima, lakini mishipa yake ilikuwa taabuni miaka mingi. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyepima.

NAMBA MBILI

Sasa tazameni ubao. Ukienda zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, watakufunga kitambaa mkononi, juu ya kiwiko. Kitambaa hujazwa upepo, kikakubana, kisha kikalegea. Hakiumizi. Kabla ya kupimwa, kaa kitini utulie dakika 5. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla yake.

Kipimo hutoa namba mbili. Namba kubwa ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma. Namba ndogo ni nguvu ya damu wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mzima, chini ya 120 kwa 80 ni vizuri. Namba kubwa ikifika 140 au zaidi, au ndogo ikifika 90 au zaidi, na ikaonekana hivyo siku nyingine tena, basi mtu huyo ana presha ya kupanda. Namba iliyo katikati ni onyo: jihadhari, upime tena.

Hapa ndipo kusoma kwako kunapokufaa. Zamani ulipewa karatasi ukaikunja na kuiweka mfukoni. Ilikuwa siri baina ya daktari na karatasi. Sasa unajua kusoma. Sema kwa adabu, "Daktari, naomba uniandikie namba zangu." Kisha uzisome mwenyewe. Andika tarehe, andika namba, tunza daftari. Mwenye daftari huona namba ikipanda polepole, kabla ya hatari kufika.

(Simameni hapa kidogo. Mwalimu aulize: Mtu amepimwa mara mbili, akapata 152 kwa 94, kisha 148 kwa 92. Je, namba hizi ni nzuri au mbaya?)

"MIMI NI MKULIMA, MAZOEZI YA NINI?"

Mtu atauliza hivyo, na ni swali la haki. Mwenye kushika jembe kila siku anafanya mazoezi tosha. Lakini tuhesabu pamoja. Wakati wa mvua tunapalilia kweli, jasho linatoka. Je, baada ya kuuza ufuta au korosho? Fedha ipo mfukoni. Safari ya kutoka kijijini hadi sokoni, ambayo zamani ilikuwa ya miguu, sasa ni ya bodaboda. Watoto wamekua, ndio wanaotumwa maji na kuni. Palizi wanafanya vibarua. Baba anakaa kibarazani, mama anakaa dukani au kwenye cherehani. Tumbo linatoka mbele, na watu wanasifu: "Mwenzetu amenawiri!"

Sikilizeni habari ya mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za uchunguzi wao. Mabasi mengi ya mji ule yalikuwa na ghorofa. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima, akikata tiketi. Morris aliwatazama wanaume wa miaka 35 hadi 64. Madereva waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, na ugonjwa ulikuwa mkali zaidi kwao. Baadaye alitazama pia sare zao, akaona kuwa madereva walivaa suruali za kiuno kipana zaidi. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa katika nchi nyingi, nao umeonyesha jambo hilo hilo: mwili unaokaa tu huharibika mapema.

Basi tufanye nini? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo kila juma. Gawanyeni: dakika 30, siku 5. Si lazima kukimbia. Tembea upesi, kiasi cha kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba. Nenda shamba kwa miguu. Ukipanda bodaboda, shuka kabla ya kufika, umalizie kwa miguu. Aliyekaa muda mrefu aanze na dakika 10, aongeze kidogo kidogo. Mwenye kuumwa kifua anapotembea aende hospitali kwanza.

CHUMVI NA CHUNGU

Chumvi nyingi hupandisha presha. Mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Hiyo ni chumvi yote: ya mboga, ya chipsi, na ile iliyomo katika samaki ng'onda wa kutoka pwani ya Lindi.

Tufanye hesabu. Nyumba ina watu wazima 6. Mara gramu 5, ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Basi pakiti isikwishe kabla ya siku 16. Ikiwa kwenu inakwisha kwa siku 8, mnakula mara mbili ya kipimo. Ondoeni kibakuli cha chumvi mezani. Ng'onda aloweshwe, maji yake yamwagwe.

Vyakula vyetu vingi ni vizuri: mbaazi, kunde, kisamvu, matunda. Karanga ndizo zilizofanya jina la Nachingwea lijulikane mbali, wakati wa mpango mkubwa wa serikali ya Kiingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mpango ulishindwa, lakini karanga zenyewe hazina kosa. Zile bila chumvi. Sukari na mafuta vipunguzwe. Mwenye kuvuta tumbaku aache. Mwenye kunywa uraka na pombe nyingine apunguze, na akiweza aache kabisa.

DAWA HAIACHWI

Hili ni jambo kubwa kuliko yote. Dawa ya mseto ya malaria ina mwisho: unaimeza siku 3, umemaliza dozi. Dawa ya presha siyo hivyo. Mtu huimeza mwezi mmoja, akapimwa, namba ikawa nzuri. Anasema, "Nimepona," anaiacha. Namba inapanda tena kimya kimya. Namba ilikuwa nzuri kwa sababu ya dawa! Usiiache mpaka daktari akuambie. Wala usiazime dawa ya jirani. Yake si yako.

Kumbuka kuwa mwenye kiharusi haugui peke yake. Mke huacha shamba amwuguze. Mtoto huacha shule. Mikorosho hukosa mtu wa kuipogoa na kuipulizia dawa. Kupima ni kazi ya dakika chache.

KAZI YA JUMA HILI

1. Kila mwenye miaka 40 au zaidi aende kupimwa, arudi na namba zake zimeandikwa.
2. Angalieni pakiti ya chumvi nyumbani: imefunguliwa lini, imekwisha lini?
3. Jadilianeni: Kwa nini tunasifu kitambi?
4. Andika sentensi hii mara 3 katika daftari: Sikusikia maumivu, lakini nilipima.

Tutaonana katika somo lijalo. Kwaherini.