Ukimwita fundi wa rangi Nairobi wakati wa baridi

Sisi watu wa Pwani twajua maadui wawili wa rangi: chumvi na jua. Huku Kawangware 56 ninakoishi, maadui ni wengine, nao ni baridi na unyevu. Jamaa wengi wanaohamia Nairobi hupakisha rangi mwezi wa saba, wakataka chumba kiishe siku moja, kisha rangi ikibanduka lawama zote humwendea fundi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hufunika jua, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 12, mara nyengine chini ya hapo. Rangi ya maji yataka mambo mawili: maji yatoke, kisha chembe zake zishikane ziwe ngozi moja. Ukuta ukipoa chini ya nyuzi 10, chembe hizo hazishikani sawasawa. Kwa macho utaona umekauka, lakini ukiupangusa kwa kitambaa rangi yatoka kama chaki. Rangi ya mafuta nayo huchelewa kukauka kwenye baridi.

Tena vyumba vyetu vingi huku ni kimoja cha kupikia, kulalia na kuanikia nguo. Mvuke hugota kwenye ukuta baridi ukawa maji, na pembeni huota ukungu mweusi. Ukipaka juu ya ukungu, utarudi tu. Uoshwe kwa jiki iliyochanganywa na maji, ukuta ukauke, ndipo upigwe msasa.

Kwa hivyo, kabla ya kuafikiana bei, zungumza na fundi mambo haya.

Kwanza, ukuta upimwe. Bandika kipande cha nailoni cha futi moja kwa selotepu, kingo zote zizibwe, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ukutani, bado una maji, ngoja.

Pili, saa za kazi. Rangi ipigwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, madirisha wazi. Ya jioni hukutwa na baridi ya usiku ikiwa bado mbichi.

Tatu, kiasi cha rangi. Chumba cha futi 10 kwa 10, chenye kuta za futi 8, ukitoa mlango na dirisha, kina kama mita 27 za mraba. Lita moja hupaka mita 10 hivi. Kwa kupiga mara mbili, lita 6 zatosha. Ukiambiwa ununue ndoo ya lita 20, uliza ya nini. Nunua mwenyewe, na mkebe ufunguliwe mbele yako, usije ukazidishiwa maji.

Nne, malipo. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Fundi anayelipwa kwa chumba hapati kitu siku anayongoja ukuta ukauke, naye ana kodi na watoto. Ukimbana kwa bei, atapiga mara ya pili juu ya ile ya kwanza ingali mbichi. Mlipe kwa siku mbili au tatu za kuja, umpe sehemu baada ya kuosha na msasa, na umalizie siku chache baadaye ukuta ukishakauka. Hapo kungoja hakumpi hasara.

La mwisho ni la uhai. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha rangi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu akiwa usingizini. Rangi ikichelewa, lala kwa jirani. Siku mbili za kungoja ni rahisi kuliko kupaka upya, na ni rahisi mno kuliko msiba.