Printa ya 3D na deni la majina

Je, wajua kwamba mbinu inayotumiwa na printa ya 3D ilikuwapo Burundi kabla umeme haujafika? Mtazame mfinyanzi wa Kitwa, yaani wa jamii ya Watwa, akiwa kazini. Hana gurudumu. Anausokota udongo kwa viganja mpaka unakuwa kama nyoka, anauzungusha juu ya kitako cha chungu na kuubana kwa kidole gumba. Kisha anasokota mwingine, anaupandisha juu ya ule wa kwanza. Pete juu ya pete, chungu kinapanda. Msusi wa kikapu cha agaseke naye hufanya vivyo hivyo kwa nyasi: duara hushonewa juu ya duara mpaka kikapu kinafika kwenye mfuniko.

Seremala huenda kinyume. Yeye huanza na gogo na kupunguza, akachonga na kuranda mpaka kiti kionekane, na nusu ya mti ikabaki sakafuni kama vumbi. Wahandisi wana majina ya njia hizi mbili: utengenezaji wa kupunguza ni wa seremala, na utengenezaji wa kuongeza ni wa mfinyanzi. Printa ya 3D iko upande wa mfinyanzi.

Printa ya kawaida hutosha juu ya dawati la mwanafunzi. Kando yake huning'inia uzi wa plastiki uliozungushwa kwenye kigurudumu, unene wake milimita 1.75. Gia ndogo huusukuma uzi huo ndani ya kichwa chenye joto la nyuzi 200 hivi. Uzi huyeyuka na kutoka kwenye tundu la milimita 0.4, mwembamba kama mstari wa kalamu. Kichwa huchora umbo la tabaka la chini kabisa, kikapanda kwa milimita 0.2, kikachora tabaka la pili. Kikombe cha urefu wa sentimita 6 kina matabaka 300. Plastiki inayopendwa zaidi, PLA, hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au kwa miwa, ndiyo maana chumba chenye printa inayofanya kazi hunukia utamu kidogo.

Kila aliyewahi kuitumia mashine hii anajua roho ya kazi iko wapi: tabaka la kwanza. Lisiposhika vizuri mezani, pembe hujikunja, chombo hung'oka, na asubuhi unakuta kichwa kimetema rundo la nyuzi kama tambi zilizomwagika. Matabaka mengine 299 yanaegemea lile ambalo hakuna atakayeliona tena.

Na mashine yenyewe, nani aliweka tabaka lake la kwanza?

Ukiuliza, wengi watakujibu: Chuck Hull, Mmarekani. Si uongo. Hull aliomba hataza tarehe 8 Agosti 1984, akaipata Machi 1986, akaanzisha kampuni ya 3D Systems. Mashine yake ilitumia mwanga wa urujuanimno kugandisha utomvu wa kemikali, tabaka baada ya tabaka. Lakini siku 23 kabla yake, tarehe 16 Julai 1984, Wafaransa watatu, Alain Le Méhauté, Olivier de Witte na Jean-Claude André, walikuwa wamewasilisha ombi la hataza la kifaa cha jinsi hiyo hiyo. Wakubwa wao hawakuona biashara ndani yake, ombi likaachwa life. Na kabla ya hao wote, huko Nagoya, Japani, Hideo Kodama alikuwa amekwisha kugandisha maumbo kwa mwanga na kuchapisha makala mwaka 1981. Yeye naye aliomba hataza, ila hatua iliyofuata haikukamilishwa ndani ya muda uliowekwa.

Nchi tatu, mabara matatu, wazo moja. Tofauti kati ya Kodama na Wafaransa ni kwamba Kodama aliandika makala, na wenzake wakaitaja. Hakupata hataza, lakini hadi leo historia nyingi za teknolojia hii huanza na makala yake ya 1981, na mwaka 1995 alipewa tuzo ya Rank ya Uingereza pamoja na Hull.

Hapa ndipo unapoingia uwanja mwingine wa elimu, ule wa kuchunguza nani anamtaja nani. Kila makala ya kisayansi hufungwa kwa orodha ya marejeo, yaani kazi za wengine ambazo mwandishi ameegemea. Orodha hiyo hutazama nyuma tu. Mwaka 1964, huko Philadelphia, Eugene Garfield alichapisha faharasa iliyoigeuza: ukiwa na makala ya zamani mkononi, unaweza kutafuta makala zote za baadaye zilizoitaja. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona wazo likitembea, kutoka maabara hii hadi ile, kama unavyofuata nyayo kwenye tope.

Faharasa ilizaa hesabu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Tuseme mtafiti ana makala tano, na zimetajwa mara 30, 12, 4, 3 na 1. Angalau tatu kati yake zimetajwa mara tatu au zaidi kila moja, lakini hana nne zilizotajwa angalau mara nne. Basi h yake ni 3. Namba hiyo ndogo sasa hutumika katika kuamua vyeo na fedha za utafiti sehemu nyingi duniani.

Hesabu ina upofu wake. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton alieleza jinsi sifa zinavyomfuata mwenye sifa: watu wawili wakigundua jambo moja, hutajwa zaidi yule ambaye tayari ana jina. Aliita hali hiyo athari ya Mathayo, kwa neno la Injili kwamba aliye nacho ataongezewa. Kinaya ni kwamba makala hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mahojiano ya Harriet Zuckerman, na jina la Zuckerman halikuwa juu ya makala. Baadaye Merton mwenyewe aliandika kwamba walistahili kuwa waandishi wawili.

Majina juu ya makala yana vituko vyake pia. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington alikuwa ameandika makala peke yake huku akitumia neno "sisi", lisilofaa kwa mwandishi mmoja. Kuichapa upya kwa taipu ilikuwa kazi, basi akamwongeza paka wake kama mwandishi wa pili, kwa jina F. D. C. Willard, na jarida likaichapisha. Mwaka 2015 makala moja ya fizikia ya chembe ilikuwa na waandishi 5,154: kurasa 24 za majina na vyuo vyao, kurasa 9 za sayansi na marejeo.

Sasa tupande Kiriri. Mtaa huu uko mlimani juu ya Bujumbura. Ukigeuka nyuma unauona mji wote, Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo. Huku ndiko iliko kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi katika majengo yaliyokuwa Collège du Saint-Esprit ya Wajesuiti. Mtafiti wa hapa ana tatizo ambalo programu za kuhesabu marejeo hazikulifikiria: jina lake.

Burundi haina desturi ya jina la ukoo. Watoto wa baba na mama mmoja wanaweza kuitwa Nduwimana, Irakoze na Hakizimana, kila mmoja na jina alilopewa alipozaliwa. Na majina hayo yana wenyewe wengi. Ukiita Nduwimana, yaani "mimi ni wa Mungu", watageuka watu kumi. Juu ya hapo kuna desturi ya ofisini ya kutanguliza jina hilo kwa herufi kubwa: NDUWIMANA Jean. Kompyuta iliyofunzwa kwa majina ya Ulaya hudhani Jean ndilo jina la ukoo. Makala moja inaingia kwa J. Nduwimana, nyingine kwa N. Jean, na mtu mmoja anakatwa vipande viwili, kila kipande na h yake ndogo. Wakati huo huo akina J. Nduwimana watano wanaunganishwa kuwa bingwa mmoja asiyekuwapo. Dawa ilianza kutolewa Oktoba 2012: ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti hujisajilia bure na kubaki nayo maisha yake yote, jina liandikwe vyovyote vile.

Deni la majina, yaani sifa zisizomfikia mwenye kazi, haliko kwa mtu mmoja mmoja tu. Mwaka 2019 jarida la BMJ Global Health lilichapisha uchambuzi wa makala zaidi ya 7,000 za utafiti wa afya uliofanyika Afrika. Waandishi kutoka nchi zenyewe zilizotafitiwa walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu, na vyuo vikubwa vya Marekani vilipoingia, sehemu yao ilipungua.

Kwenye printa za 3D zenyewe mambo yamechangamka zaidi. Hataza ya mbinu ya uzi wa plastiki, ya Mmarekani Scott Crump, iliisha muda mwaka 2009. Kabla ya hapo Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alikuwa ameanza mradi wa RepRap mwaka 2005 na kugawa michoro bure. Mlango ukafunguka. Mwaka 2013, mjini Lomé, Afate Gnikou aliunda printa kwa mabaki ya kompyuta na printa zilizotupwa. Nairobi, Roy Ombatti akaanzisha AB3D, inayounda printa kwa vifaa chakavu. Katika hospitali ya CoRSU, Kisubi, Uganda, mafundi wa viungo bandia walijaribu kuchapa vikombe vya kushikia mguu. Na Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, kampuni ya 14Trees ilisimamisha kuta za nyumba za mradi wa Mvule Gardens kwa printa inayotema saruji.

Mfinyanzi wa Kitwa hana ORCID. Chungu chake kikifika makumbusho, kibao mara nyingi hutaja kabila na nchi, basi. Lakini ingiza mkono ndani, pale ambapo ukuta haukulainishwa, upapase. Vidole vyako vitakuta vishimo vidogo vilivyopangana kuzunguka, pete baada ya pete: kidole gumba chake, kila alipobana.