Lori Kuukuu Linapopoteza Nguvu Mlimani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kufungua Injini

Mmiliki wa lori linalosomba mbao kutoka Mafinga au viazi kutoka Isyonje huifahamu hali hii. Gari hupanda vizuri hadi katikati ya mlima, kisha mlio wa injini hubadilika, moshi huongezeka, na dereva hulazimika kurudisha gia mpaka ya kwanza. Kesho yake fundi hutoa hukumu kwa maneno mawili: injini imekwisha. Mmiliki hukopa fedha, injini hushushwa na kufunguliwa, na baada ya wiki mbili lori hurudi barabarani likiwa na kasoro ile ile.

Katika makala hii tunaeleza ukaguzi unaopaswa kutangulia gharama hiyo. Hatukusudii kumfanya msomaji kuwa fundi. Tunakusudia ajue maswali ya kuuliza, na ajue kwa mpangilio upi.

Kasoro ni mbili, si moja

Kupungua nguvu na kumisi si jambo moja. Injini iliyopungua nguvu huunguruma kwa mlio ulio sawa, ila haivuti mzigo. Mara nyingi silinda zote zimekosa hewa au mafuta ya kutosha. Injini inayomisi hutetemeka na mlio wake hukatika, kwa kuwa silinda moja au zaidi haichomi mafuta ipasavyo. Mweleze fundi ni ipi kati ya hizo, ilianza lini, na hutokea injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au ikiwa na mzigo tu. Maelezo hayo humwondolea kazi ya kubahatisha.

Mwinuko nao una sehemu yake

Mji wa Mbeya upo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hiyo lori lililovuta vizuri Dar es Salaam litakuwa limepungukiwa na karibu sehemu moja ya sita ya nguvu litakapofika Uyole, hata kama ni zima kabisa. Upungufu wa namna hiyo huja polepole na hauleti mtikisiko. Ukiwa wa ghafla, au ukiandamana na kumisi, usiusingizie mwinuko.

Anza na vitu vya bei ndogo

1. *Chujio la hewa.* Vumbi la barabara za mashambani huliziba upesi. Ukiona moshi mweusi mlimani, lianze hili.

2. *Chujio la dizeli na maji ndani ya tangi.* Chujio lililoziba hupitisha mafuta ya kutosha gari likiwa tupu, lakini si likiwa na mzigo. Fungua kizibo cha chini, uyapokee mafuta katika chupa safi na uyaache yatulie. Maji yakiwemo, yatakaa chini.

3. *Tundu la hewa la mfuniko wa tangi.* Likiziba, lori hupoteza nguvu baada ya mwendo fulani, kisha hupona likisimama kidogo. Fungua mfuniko, ukisikia hewa ikivutwa ndani na nguvu zikarejea, umeipata sababu.

4. *Mipira na viungio vya mafuta.* Mpira mkuukuu unaweza kuvuta upepo bila kudondosha tone. Dalili yake ni lori kuwa gumu kuwaka asubuhi mpaka upepo utolewe kwa pampu ya mkono.

5. *Breki ya ekzosi.* Dereva huitumia anaposhuka Kitonga. Kilango chake kikiganda kikiwa kimefungwa, moshi hukosa njia na injini hukabwa.

6. *Breki za matairi na klachi.* Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, breki yake inashika. Mlio wa injini ukipanda na mwendo usiongezeke, klachi inateleza na injini haina kosa.

Kwa gari la petroli, ongeza plagi, nyaya zake na koili. Kumisi kwingi kwa magari hayo huanzia hapo.

Soma moshi

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Moshi wa bluu unaonyesha kuwa oili inaungua. Moshi mweupe huonyesha mafuta yasiyoungua, au maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda. Hata hivyo, katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, moshi mweupe unaotoweka injini ikipata joto ni jambo la kawaida kwa dizeli kuukuu. Usikubali injini ifunguliwe kwa sababu hiyo peke yake.

Kipimo cha silinda moja moja

Ikiwa injini inamisi, mwombe fundi atafute silinda yenye kasoro. Kwa injini yenye pampu ya zamani isiyoendeshwa kwa umeme, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiunguruma polepole. Akilegeza ya silinda nzima, mlio huharibika zaidi. Akilegeza ya silinda mbovu, mlio haubadiliki. Kisha nozeli ya silinda hiyo ihamishiwe kwenye silinda nyingine. Kasoro ikihama nayo, nozeli ndiyo mbovu. Kasoro ikibaki, ndipo vali zipimwe nafasi na silinda ipimwe kompresheni. Kazi hii ifanywe na fundi pekee, kwa kuwa mafuta ya shinikizo kubwa hupenya ngozi. Isifanywe kamwe kwa injini mpya zenye mfumo wa kielektroniki.

Mafuta yaliyochakachuliwa

Kasoro ikianza mara tu baada ya kujaza mafuta, yashuku mafuta. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalichanganywa na dizeli na petroli kwa kuwa yalikuwa na bei nafuu. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Mafuta ya taa hupunguza ulainisho unaolinda pampu ya dizeli, na katika petroli huleta mgongo na kumisi. Dai risiti kila ujazapo. Bila risiti, malalamiko yako yatakosa mguu wa kusimamia.

Usiendelee kulazimisha

Katika lori lenye breki za upepo, injini ndiyo inayojaza mitungi. Injini ikizimika mlimani, kila unapokanyaga breki unapunguza akiba isiyorudi. Egesha mapema, vuta breki ya mkono, zuia matairi, weka pembetatu za tahadhari, na usijaribu kurudi nyuma kwa kuserereka. Uondokapo, toa mawe uliyoweka barabarani.

Haki zako gereji na dukani

Kabla ya kazi kuanza, pata makadirio ya maandishi yenye bei ya vipuri na ya ufundi kila moja peke yake. Mwambie fundi asiongeze kazi bila idhini yako. Dai kipuri cha zamani kila kinapobadilishwa; ni mali yako, tena ni ushahidi. Nunua nozeli na machujio kwa risiti, na utunze kasha.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiuziwa kipuri bandia, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Kipuri kisichokidhi viwango, wasilisha TBS. Suala la mafuta, EWURA. Ukifika, uwe na risiti, kipuri chenyewe na maelezo mafupi ya tarehe na mahali.

Tunamshauri kila mmiliki aweke daftari ndani ya gari, lenye tarehe, kilomita, kituo alichojaza mafuta na kipuri kilichobadilishwa. Siku injini itakapoanza kukata mlimani, fundi mwaminifu atalisoma kwanza kabla ya kushika spana.