Paneli za milango ya Datsun 240Z: ubao wa zamani usitupwe

Datsun 240Z inakumbukwa Afrika Mashariki kwa kushinda mbio za Safari Rally mara mbili, mwaka 1971 na tena 1973, mara ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Magari ya aina hiyo yaliyobaki sasa yana umri wa karibu miaka 50 au zaidi. Mafundi wa injini na wa kunyoosha bodi wapo wengi. Kinachowasumbua wenye magari haya, na hapo hapo kuwapatia kazi wafanyabiashara wa vipuri na vitambaa, ni paneli za ndani ya milango.

Paneli hiyo ni hadibodi nyembamba, juu yake sponji, kisha reksini. Adui yake mkubwa ni maji. Mvua hupenya kwenye raba ya kioo iliyochakaa na kuingia ndani ya mlango, na kama karatasi ya plastiki iliyowekwa nyuma ya paneli imechanika, hadibodi hunywa maji, huvimba na kupinda. Matundu ya klipu hukatika na paneli huanza kugonga barabarani.

Kosa la kawaida ni kung'oa paneli kwa nguvu na kuitupa. Kwa Kenya, ambako kwa kawaida magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa, kuagiza gari jingine ili lichinjwe vipuri si jambo jepesi. Isitoshe, katika magari mengi ya miaka hiyo michirizi ya mapambo ilibanwa kwa joto kiwandani, haikushonwa. Fundi wa viti, hata awe hodari namna gani, hawezi kuirudisha kwa cherehani. Mnunuzi anayejua magari haya huiangalia michirizi hiyo kabla ya kutaja bei.

Kwa hiyo kwanza huondolewa hendeli ya kioo na mkono wa mlango, kisha klipu hufunguliwa moja moja kwa kifaa bapa kilichofungwa kitambaa, karibu na klipu yenyewe. Reksini nzima husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Petroli na thina huharibu rangi. Hadibodi iliyopinda kidogo hukaushwa ikiwa imelazwa chini ya uzito, na matundu yaliyochanika huzibwa kwa kipande kipya kinachobandikwa upande wa nyuma.

Ikiwa ubao umeoza, unakatwa mpya kwa kufuata ule wa zamani. Hapa ndipo wengi hupoteza mali: mlango wa kulia na wa kushoto ni kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, kwa hiyo kipimo hugeuzwa, la sivyo hupatikana paneli mbili za upande mmoja. Kabla ya kubandika reksini, ubao upakwe vanishi pande zote mbili pamoja na kingo. Gundi hupakwa kwenye ubao na kwenye kitambaa, huachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo vikutanishwe. Ichaguliwe inayostahimili joto, maana gari lililoegeshwa juani Mombasa au Dar es Salaam huiachisha gundi hafifu.

Kazi yote ni bure bila plastiki mpya mlangoni. Ukingo wake wa chini uingizwe ndani ya mlango, ili maji yarudi humo na kutoka kwa matundu ya chini, ambayo nayo yazibuliwe.

Kwa wasafirishaji, reksini ikunjwe kama mkeka juu ya bomba la karatasi. Ikipigwa pasi ya kukunjwa nguo hubaki na alama. Hadibodi ilazwe bapa na isiguse unyevu. Gundi yenye kimiminika kinachowaka ni mzigo wa hatari wa daraja la 3, namba UN 1133, na si kitu cha kufichwa kwenye buti ya basi la abiria.

Mpakani, kama Namanga, cheti rahisi cha uasilia cha EAC hutumika kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizotengenezwa ndani ya jumuiya. Reksini ya China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu tu imenunuliwa Kariakoo, na ofisa wa forodha anajua hivyo. Anayepeleka paneli zake nchi jirani kutengenezwa azitangaze forodha kabla ya kutoka, kuwa ni za kurudi. Picha na maelezo ya kila paneli, pamoja na ankara ya fundi, ndivyo vitakavyomsaidia siku ya kurudi, zisichukuliwe kuwa bidhaa mpya.